Kaseti Isiyo na Mkanda

Kwenye meza za mafundi redio wa Gerezani, Dar es Salaam, katikati ya spika zilizopasuka ngozi, nyaya zilizomenywa na redio za magari zilizofunguliwa matumbo, bado mtu anaweza kukutana na kaseti ya ajabu. Kwa umbo ni kaseti kamili: ganda la plastiki, matundu mawili yenye meno, skrubu kwenye pembe. Ukiiinua kwenye mwanga huoni mkanda. Pale ulipotarajia utepe wa kahawia pana vigurudumu vya meno vilivyoshikana, na kwenye ukingo wa mbele, mahali mkanda ulipopaswa kupita, kimekaa kijichuma kinachong'aa, kidogo kuliko ukucha. Ubavuni umechomoza waya mweusi mwembamba, na mwisho wa waya ipo plagi ya milimita 3.5. Kwa miaka mingi hicho ndicho kifaa kilichozikutanisha redio za magari zisizojua kitu ila kaseti na vyote vilivyozaliwa baada ya kaseti: vicheza CD vya mkononi, iPod iliyotoka mwaka 2001, na hatimaye simu. Sijui kifaa kingine cha bei ndogo kiasi kile kinachonifikirisha zaidi.

Namna kinavyofanya kazi inastahili kutazamwa polepole. Ukikisukuma, redio inakipokea kama inavyopokea kaseti yoyote: inakivuta, inakishusha, inakibana. Hedi ya redio, ambayo maisha yake yote imesoma alama za sumaku zilizolazwa juu ya mkanda unaopita mbele yake kwa sentimita 4.76 kila sekunde, inasogea na kukutana uso kwa uso na kile kijichuma. Nacho ni hedi pia. Umeme wa muziki unaotoka kwenye simu unasafiri katika waya, unafika kwenye kijichuma, unageuka sumaku inayopanda na kushuka, na hedi ya redio inaisoma sumaku hiyo bila kuuliza mkanda uko wapi. Vile vigurudumu havibebi wimbo wowote. Kazi yake ni kuzunguka tu, kwa sababu redio nyingi zimewekewa mtego wa kutambua kwamba kaseti imekwisha: mzunguko ukisimama, redio inageuza upande au inaitema kaseti. Basi vinazunguka safari nzima ili mwenyeji asiingiwe na shaka. Kimoja kikivunjika jino utaisikia redio ikigeuza upande, tak, ikigeuza tena, tak, mpaka inachoka na kukitoa nje.

Nikikitazama namwona mshenga. Mshenga si bwana harusi wala si baba wa binti. Anaingia nyumba ya watu akijua pa kuvulia viatu, nani wa kusalimiwa kwanza, lini aseme na lini anyamaze, na anapoaga ameacha neno limefika. Asipozijua desturi za nyumba ile, posa nzuri itarudi ilikotoka. Kifaa hiki kimejifunza desturi za pande mbili ambazo hazijawahi kuonana: upande mmoja mashine inayotaka kitu kizunguke ndipo iamini, upande wa pili simu ambayo ndani yake hakuna kinachozunguka. Chenyewe hakiwi redio wala hakiwi simu. Shughuli ikifana, wimbo ukilia, hakuna abiria anayeuliza nani aliyekwenda kuposa.

Kinachonigusa kupita ufundi huo ni ukarimu wa mwenyeji. Kaseti hii ya kawaida ilitolewa na Philips mwaka 1963, na kabla muongo ule haujaisha ilikwisha kuingia kwenye magari. Waliochonga mdomo wa redio ya kaseti hawakuwa na njia ya kuota kwamba siku moja mtu angetembea na maelfu ya nyimbo mfukoni. Hata hivyo chukua Corolla ya miaka ya themanini ambayo bado iko barabarani na redio yake ya kiwandani, isukumie kaseti isiyo na mkanda, chomeka simu, na wimbo wa Bongo Fleva uliotoka jana usiku utalia katika spika zilizofungwa kabla mwimbaji hajazaliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Redio ile ilikuwa ikingoja kung'olewa na kutupwa kwenye boksi la vyuma chakavu. Mgeni ameiongezea umri.

Njia nyingine ya kuungana ilipita hewani. Kijitambo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ambacho wengi wanakiita moduleta, huchukua muziki wa simu au flashi na kuurusha kama kituo cha redio chenye nguvu za kufika hatua chache. Unatafuta masafa matupu, unaiweka redio hapohapo. Na hapo ndipo asili ya magari yetu inapojitokeza. Mengi yalianza maisha Japani, na Japani redio za FM zilipangiwa megahezi 76 hadi 90, ilhali sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Magari ya karibuni yamefunguliwa hadi 95, lakini yale ya nyuma yake yanaishia 90. Kwa hiyo redio ya Vitz ya zamani na anga ya Dar es Salaam vinakutana kwenye kipande cha megahezi mbili na nusu tu, na kipande hicho tayari kina wenyewe: Clouds 88.5, Wasafi 88.9, Radio One 89.5. Moduleta inajibanza katikati ya wakubwa hao. Mahali fulani wimbo unatoka safi, ukisogea mbele mtangazaji anaufunika na habari za mpira. Kwenye foleni, gari la jirani likiwa limechagua masafa yaleyale, kwaya yake inaingia kwako na taarabu yako inaingia kwake, na kila mmoja anatazama kioo cha mwenzake akijiuliza.

Nairobi shida ilikuwa kubwa zaidi. Radio Citizen iko 106.7, mbali kabisa na upeo wa redio ya Kijapani. Mafundi wakafunga kijisanduku kati ya antena na redio, ekspanda, kinachoyashusha masafa yote kwa kiasi kimoja mpaka kituo cha juu kisikike kwenye namba ya chini. Dereva anasoma themanini na kitu kwenye kioo huku akisikiliza kituo cha mia na kitu, na kila kituo anakijua kwa namba mbili, ya hewani na ya garini. Watu ambao akrabu inaonyesha saba nao wakasema saa moja asubuhi hawakuona tabu kuishi na hesabu mbili. Naamini hata hilo ni aina ya ukarimu: kukubali kwamba kitu kilichotoka mbali kitahesabu kwa namna yake, nawe utajua unachokisikia.

Kisha likaja tundu la AUX, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sijaona mlango wa haki kuliko huu. Plagi inayoingia humo ni kitukuu cha plagi za mitambo ya simu ya karne ya 19, ambapo waendeshaji, wengi wao wanawake, walikaa mbele ya ubao wa matundu wakichomeka na kuchomoa nyaya ili sauti ya mtu imfikie mtu. Ishike mkononi uitazame: michirizi miwili myeusi imeugawa ule mwiba wa chuma vipande vitatu, kimoja cha sikio la kushoto, kimoja cha sikio la kulia, kimoja cha ethi. Hakuna kingine. Haina neno la siri, haiombi ruhusa, haitaki kujua kifaa kilitengenezwa mwaka gani. Chochote chenye tundu la hedifoni kinaruhusiwa kusema. Walkman ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1979, ilikuwa na tundu la ukubwa uleule. Ingeunganishwa na gari lililotengenezwa miaka thelathini baadaye na ikaimba pale pale.

AUX ina sauti yake pia, nayo wenye magari wanaijua. Ukiichaji simu kwenye tundu la sigara huku muziki unapita kwenye waya, utasikia mluzi mwembamba chini ya wimbo, unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Ni alteneta. Njia mbili za ethi zimefanya duara, na injini imepata upenyo wa kuingia katika wimbo. Fundi atakuuzia kidude cha kuukata, na ukichomoa chaja kwa kawaida unakoma wenyewe. Mimi safari nyingine huuacha. Usiku, kwenye vilima vya njia ya Iringa, gita la bendi ya zamani likiwa juu na mluzi wa injini ukiwa chini, unajua kwamba muziki huu hausikilizwi sebuleni. Unasikilizwa na watu wanaokwenda mahali.

Na waya ule ulikuwa mfupi. Ufupi wake ulifanya kazi ambayo hakuna mhandisi aliyeipanga. Simu ililazimika kukaa katikati ya viti viwili, mahali ambapo mikono yote inafika. "Hebu nipe waya," anasema aliye nyuma, na waya unapita mkono kwa mkono, gari linanyamaza kidogo, kisha linaingia katika dunia ya mtu mwingine. Aliyeshika waya ameshika zamu, na zamu ina adabu zake: wimbo wa mwenzio haukatwi katikati, maneno makali hayapigwi mbele ya mama mkwe, na mtoto akishapiga wake mara ya pili anaambiwa sasa mpe bibi. Nimeona familia zikijuana upya kwa njia hiyo. Baba ambaye nyumbani hasemi lolote anachagua wimbo wa Marijani Rajab, na watoto wanatambua kwamba aliwahi kuwa kijana.

Bluetooth iliondoa waya na kuleta majina. Redio inaikumbuka simu iliyokwisha kuijua, inaitafuta gari likiwashwa, na simu ya mwenye gari kwa kawaida ndiyo inayoshinda. Ni starehe, sibishi. Lakini tazama kile kinachohifadhiwa. Gari lililotumika likishuka bandarini huja na orodha ya simu za watu wa huko lilikotoka, nyingine zimeandikwa kwa herufi ambazo mmiliki mpya hawezi kuzisoma. Yale yenye redio ya diski ngumu yanabeba zaidi: CD zilizochezwa humo zilinakiliwa ndani, hivyo mtu wa Mwanza akibonyeza kitufe asichokijua anakutana na maktaba ya nyimbo za mtu wa Japani ambaye hataonana naye maishani. Asubuhi akiwasha gari, sauti ya mwanamke inamwarifu kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Barabara yenyewe iko ng'ambo ya bahari. Watoto wanaopelekwa shule na magari hayo wanaikariri sentensi ile mpaka wanaweza kuiigiza.

"Bosi, nikufutie?" fundi anauliza. Wengi wanajibu futa, na wana haki, gari ni lao. Mimi huwaomba jamaa zangu wangoje kidogo, wausikilize angalau wimbo mmoja mpaka mwisho. Mtu alikaa kwenye kiti hicho. Alikuwa na wimbo aliourudia akitoka kazini, akaulipia, akautia garini kwa mikono yake. Huenda ameuza gari kwa sababu ya kupata jingine, huenda macho yameshindwa, huenda ametangulia mbele ya haki. Sisi tumerithi kiti chake, mkanda wake wa usalama, mikwaruzo yake mlangoni. Kuusikiliza wimbo wake mara moja ni salamu ndogo kwa mtu tuliyepokezana naye usukani.

Lakini redio hiyohiyo inayokumbuka simu za ng'ambo haina mahali pa kuitia kaseti ya bibi yako. Hapo ndipo moyo wangu unapokwama. Niliwahi kupanda teksi ya kuchangia Magomeni pamoja na mzee aliyekuwa na kikapu mapajani. Dereva, kijana mwenye adabu zake, alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba baba. Hatukufika mbali mzee akachomoa kaseti kutoka kikapuni, lebo yake imeandikwa kwa peni ya buluu iliyofifia.

"Baba, redio yako hii inakula kaseti?"

"Hapana mzee wangu, hizi za sasa ni bluetooth. Labda una nyimbo kwenye simu?"

Mzee aliitazama kaseti, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akairudisha. "Haya baba. Weka unayopenda wewe."

Sikumuuliza mna nini ndani. Kaseti za aina ile zina mambo mengi. Mombasa, Mbwana Radio Service ilirekodi taarabu na kuuza kaseti zake, na zipo ambazo zilivuka maji hadi Ghuba mifukoni mwa wasafiri. Bara, bendi za dansi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyumbani watu wakakaa karibu na redio kaseti, kidole juu ya kitufe chekundu, wakiudaka wimbo pamoja na sauti ya mtangazaji anayeutambulisha. Zipo kaseti za mawaidha, za mahubiri, za maulidi, za kwaya za usharika. Zipo za harusi, ambapo nyuma ya vigelegele unasikia mtu akiitwa jikoni kwa jina. Zipo barua, kwa sababu kulikuwa na wakati ambapo aliyekwenda Maskati aliandikiwa kwa mdomo: mama anakaa na redio, anatoa salamu za kila mtu, anapata kikohozi, anaendelea, na jogoo anawika uani. Mama huyo sasa yuko kaburini. Kikohozi chake kiko kwenye utepe wenye upana usiofika milimita nne, ndani ya kabati, katika unyevu wa pwani unaozalisha ukungu hata kwenye viatu.

Ya kale yaliyapokea mapya. Mdomo wa kaseti uliichukua simu bila kinyongo. Mzee wa kikapu alikwisha kupokea mengi: aliipokea santuri, akaipokea redio ya betri, akaipokea kaseti, akajifunza kutuma na kupokea pesa kwa simu ya vitufe, na siku ile alipokea hata muziki asioujua kwa maneno matatu manne ya upole. Mapya hayajamrudishia. Tunaambiwa usiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumeuacha hata kabla hatujauliza kama msala unakaa. Mwaka 2016 iPhone 7 ilitoka bila tundu la hedifoni, kampuni nyingi zikafuata, na magari mapya mengi nayo yameliziba tundu lake la AUX. Tunaelezwa kwamba ni maendeleo, waya ni usumbufu. Nami nasema waziwazi kwamba hasara ni kubwa kuliko usumbufu uliookolewa, kwa sababu lile tundu ndilo lililokuwa mahali pekee kwenye dashibodi ambapo mama wa kwenye kaseti na mjukuu mwenye simu waliweza kuchukua zamu moja baada ya mwingine.

Basi kama gari lako bado lina tundu hilo, fungua kabati wiki hii. Kaseti iliyokaa miaka usiitie kwenye mashine kwanza. Ingiza kalamu ya Bic kwenye tundu lenye meno, uzungushe mkanda polepole mpaka uachie, mbele na nyuma. Safisha hedi ya kichezeo kwa pamba na spiriti. Kama mpira wa kuzungushia umelegea, mpelekee fundi, wapo bado wanaojua kuubadili. Chomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi AUX, na umkalishe kiti cha mbele yule aliyeinunua kaseti au anayezijua sauti zake, mzunguke naye mjini akikutajia nani anaimba, nani anakohoa, nani ameitwa jikoni. Mkirudi nyumbani, nakili sauti hiyo kwenye kompyuta na uandike majina aliyokutajia. Mashine za kuisoma zinapungua, na wanaoyajua majina wanapungua kwa kasi zaidi.